Tutilia na Jiwe la Mpakani

Hebu mwone anavyokuja. Msichana mfupi, mpana wa mabega, anatembea nyuma ya gari la maksai juu ya tuta, na kila upande wa tuta maji yameganda. Shela yake ya biharusi, ile ya rangi ya moto, imelowa ukungu mpaka imemnata mashavuni. Garini mmepakiwa kitani chake, chungu chake na kuku wawili. Mwenyewe amekataa kupanda kwa kuwaonea huruma maksai, na tangu asubuhi, kutoka milimani kwao mpaka huku bondeni kwa mto Padus, amekuja kwa miguu.

Huyo ndiye Tutilia, siku aliyoolewa.

Mlangoni kwa mumewe alitakiwa apake mafuta miimo ya mlango, kama kila biharusi wa huku. Akapewa kibakuli. Vidole vikakataa, havikukunja wala havikukunjuka, na kibakuli kikamponyoka kikavunjika kizingitini. Wageni wakaanza kutazamana, maana watu wa huku hawapitwi na dalili ya nuksi. Mama mkwe, bibi mkavu mwenye sauti ya bata, akaishika mikono ile miwili akaisukuma ndani ya makwapa yake mwenyewe.

"Mnatazamana nini?" akawauliza. "Hamjaona baridi? Hii ni rigor tu. Mtoto ameganda. Leteni kibakuli kingine, na mtu aongeze kuni."

Rigor. Neno hilo lilimfuata Tutilia maisha yake yote. Huku ndivyo wanavyouita ugumu ambao baridi huutia vidoleni, na ndivyo seremala anavyosema akipata ubao uliokauka ukakataa kupinda. Hata maji ya mfereji yakiganda, ni hiyohiyo. Lakini haukupita mwezi kabla hajalisikia likisemwa juu ya mumewe.

Mumewe aliitwa Lartidius, na wenzake walimwona mgumu kama ubao wa mwaloni. Si mkatili, la. Alikuwa tu hajui kupinda. Siku moja walipeleka maksai sokoni, mnunuzi akapatikana, akalipapasa lile dume mgongoni, akaridhika. Ndipo Lartidius akasema, "Huyu anapiga teke." Mnunuzi akaenda zake.

"Ungenyamaza tu," Tutilia alimwambia njiani.

"Angeuliza."

"Hakuuliza."

"Angeuliza akishapigwa teke."

Tutilia alicheka mpaka akashika gurudumu la gari. Nadhani ni siku hiyo alipompenda. Kukaa na mtu ambaye neno lake halina chumba cha nyuma ni raha ya aina yake. Akisema anakwenda kwenye mfereji, yuko kwenye mfereji. Akisema mchuzi umezidi chumvi, ongeza maji.

Jirani yao wa upande wa mawio, mzee Fuscus, alikuwa kinyume chake kabisa. Mnene, mwenye kelele, mpenda watu, na hakuna alikokwenda bila kikombe chake cha udongo kilichochorwa jogoo mwekundu. Mkewe akimgombeza kwa habari ya kikombe hicho, humjibu, "Jogoo huyu hanigombezi, ndiyo maana natembea naye."

Kati ya mashamba hayo mawili yalisimama mawe matatu ya mpaka: moja juu barabarani, moja chini kwenye mfereji mkubwa, na moja katikati, mbele ya mierebi. Kila mwaka, baridi inapokaribia kuisha, nyumba zote mbili zilikutana kwenye jiwe la kati kwa sikukuu ya Terminus, mungu wa mipaka. Kila nyumba ililivika jiwe shada kwa upande wake. Walichinja mwanakondoo, wakalimwagia jiwe damu na asali, kisha wakala pamoja palepale na kuimba vibaya. Ni siku ya furaha, lakini ina woga ndani yake. Mtu anayeling'oa jiwe la mpaka kwa plau, yeye na maksai wake wamelaaniwa, awe amekusudia au hakukusudia. Huku utamtania mtu kwa upara wake, kwa mkewe, hata kwa mama yake. Kwa jiwe la mpaka humtanii.

Sasa sikiliza. Asubuhi moja wakati wa kulima, binti yao Lartidia akiwa bado wa kubebwa mgongoni, Tutilia alitoka kumtafuta bata bukini aliyepotea. Ukungu ulikuwa mzito, huoni hata mkono wako. Alipofika mierebini ukapasuka kidogo, na humo akamwona mumewe. Alikuwa ameinama, anawahimiza maksai kwa sauti ya chini. Nyuma ya maksai ilikuwapo kamba, na mwisho wa kamba lilikuwapo jiwe la kati. Na jiwe lilikuwa linakwenda.

Ukungu ukafunga tena. Tutilia akarudi nyumbani bila bukini.

Lartidius aliingia adhuhuri, tope mpaka kifuani.

"Ulikuwa wapi?" mkewe akamuuliza.

"Nilikuwa nakagua mfereji," akasema, na akakitazama kisigino chake.

Basi. Tutilia alizifua nguo zile, akazianika, na hakuuliza tena. Wala mumewe hakusema tena. Waliishi vizuri, wakazeeka pamoja, walicheka sana. Lakini kila sikukuu ya Terminus, watu walipokuwa wakiimba, Tutilia aliyafumba macho asilione lile jiwe.

Lartidius alikufa kwa homa majira ya baridi. Tutilia alimwosha mwenyewe. Alitaka kumkunja vidole vya mkono wa kulia vikae vizuri, na vidole vikakataa, kama vyake vilivyokataa siku ile mlangoni. Safari hii hapakuwa na kwapa la kuvitia. Majivu yake yakawekwa mtungini na kuzikwa kando ya mpaka, karibu na jiwe la kati, kama alivyoomba. Fuscus alilia kuliko ndugu. Naye hakukaa sana baada ya rafiki yake, shamba likabaki kwa mwanawe Varenus.

Kisha Padus ukafurika.

Ulikuja wakati wa vuli ukakaa juu ya mashamba kama mgeni asiyejua kuaga, na ulipoondoka uliacha tope la kufika kiunoni. Jiwe la barabarani lilionekana. La mfereji mkubwa, ncha tu. La kati hapakuwa na dalili yake, na kaburi la Lartidius lilijulikana kwa mwerebi mmoja tu uliobaki umesimama.

Varenus alikuja baridi ilipoanza kulegea. Alikuwa kijana mzuri tu, mwenye kuhangaika, na alikaa kwenye kigoda kama kina miiba.

"Mama Tutilia, nina neno, na sitaki ulichukue vibaya."

"Neno likianza hivyo limeshaharibika," akasema Tutilia. "Kula uji kwanza."

Akala. Akaweka kijiko. "Nataka kuchimba mfereji mpya kabla ya kupanda, na mpaka siuoni. Tena kuna maneno. Mchunga nguruwe wetu, yule mzee aliyekufa, aliwahi kusema kwamba alimwona marehemu akilivuta jiwe la kati kwa maksai."

Lartidia, ambaye sasa alikuwa mwanamke mzima mwenye ulimi wa kukata kitunguu, akageuka kutoka mekoni. "Yule aliyekuwa akiongea na nguruwe?"

"Nguruwe hawakumjibu, dada. Alisema tu alichokiona."

"Baba yangu alimwambia mnunuzi kwamba ng'ombe wake anapiga teke. Ndiye huyo amwibie jirani shamba?"

"Mimi sijasema ameiba. Nimemwita mpima kutoka mjini. Mawe mawili yapo. Mstari kutoka moja hadi la pili ndio mpaka, na jiwe la kati lilipaswa kuwa juu yake. Likiwa juu yake, nitaomba radhi mbele ya majirani wote. Lisipokuwa..."

Hakumaliza. Hakukuwa na haja. Mtu aliyesogeza mpaka, hakuna jirani anayesimama naye kwenye sikukuu, wala na watoto wake. Na mtungi wa majivu uliozikwa kwenye ardhi ya wizi hufukuliwa.

"Aje," akasema Lartidia. "Aje hata leo. Au siyo, mama?"

Tutilia alikuwa anakoroga chungu kilichokwisha kuepuliwa. "Aje," akasema.

Mpima aliitwa Numisius. Alikuja juu ya nyumbu, mrefu, na shingo yake ilikuwa imekaza hata akitaka kukutazama hugeuka mwili mzima, kama mlango.

"Baridi ya huku inaniua shingo," alimwambia Tutilia badala ya salamu. "Una kitu cha moto?"

Akampa divai iliyochemshwa na asali. Numisius alisimamisha mti wake kwenye jiwe la barabarani, mti mrefu wenye mikono minne juu, na kila mkono unaning'iniza kamba yenye timazi. Upepo ulikuwa unavuma na timazi zikicheza. Akakaa juu ya gogo akangoja. Varenus na Lartidia walikuwa wametangulia na vijiti vya kusimika mstarini, kila mmoja upande wake, maana kazi ya mpaka hufanywa na nyumba zote mbili.

Tutilia akabaki naye. Akafuta kibakuli mara mbili kwa aproni.

"Bwana mpima, mstari wako huwa unakosea?"

"Upepo hunikosesha. Ndiyo maana nimekaa."

"Upepo ukitulia?"

"Hapo tena hakuna pa kujificha. Sisi wapima tuna neno letu, rigor. Ni mstari utokao jiwe hadi jiwe bila kupinda. Ukikuta kitanda cha mtu unapita juu ya kitanda, na mwenye kitanda aamke."

Tutilia alitazama ule mwerebi mmoja kule mbali. "Na kama mtu anajua kwamba jiwe liliwahi kuondolewa?"

Numisius akageuka, mwili mzima. "Mama, unaniuliza au unaniambia?"

"Nakuuliza."

"Basi nimekusikia umeniuliza," akasema, akarudi kuzitazama timazi zake.

Adhuhuri upepo ulitulia. Numisius alifumba jicho moja, akapiga kelele, "Kulia kidogo, binti. Si kulia kwangu, kulia kwako. Hapo. Usipumue." Kijiti kwa kijiti mstari ukashuka kuelekea mierebini, umenyooka hata ungeweza kuuanikia nguo. Kaburi la Lartidius likabaki upande wa Tutilia, lakini karibu sana. Mstari ukisogea hatua chache tu, lingekuwa kwa jirani.

Wakaanza kuchoma tope kwa fimbo za chuma, kutafuta jiwe. Mstarini hakuna. Upande wa Tutilia hakuna. Ndipo fimbo ya Varenus ikagonga kitu, ko, ndani kabisa ya shamba lake mwenyewe. Wakafukua. Lilikuwa jiwe la kati.

Jiwe lililosogezwa na mwizi husogezwa kuingia kwa jirani, na hilo hapo, limo kwa jirani. Lartidia alimtazama mama yake, na alichokiona usoni pale kikamfanya aiweke chini fimbo yake.

"Mmeona," akasema Varenus, polepole, kama mtu ambaye angefurahi kama angekuwa amekosea. "Mmeona wenyewe."

"Mimi nimeona jiwe lililolala kifudifudi," akasema Numisius, akijisugua shingo. "Kichwa chake kimeelekea yalikokwenda maji. Tope lipo juu yake, na tope lilelile lipo chini yake. Hili limetembezwa na mto, kijana, na mto hauna shamba. Jiwe hutembea. Kilicho chini ya jiwe ndicho hakitembei. Babu zenu walipolisimika walichimba shimo, wakachoma sadaka, wakalikalisha jiwe juu ya mkaa, si ndivyo? Mkaa hauozi. Chimbeni pale mstarini, mkabala wa kaburi."

Wakachimba. Tope, tope, tena tope, mpaka wakaifikia ardhi ya zamani. Varenus alikuwa shimoni mpaka kifuani. Jembe lake likatoa weusi.

"Mkaa," akasema.

Lartidia akaketi juu ya ndoo. "Mkaa upo mstarini, mama. Upo mstarini."

"Ngoja," akasema Numisius. Akashuka shimoni kwa taabu, akilaani shingo yake, akaufuta udongo kwa kiganja. "Mbona upo mara mbili? Tazama. Mkaa huu wa juu ni mpya mpya, wa wakati wetu sisi. Kisha udongo kidogo. Na chini yake huu mwingine, wa kale, umekwisha kuwa kama lami. Jiwe hili limesimikwa hapa mara mbili. Lilitoka, likarudishwa. Shimo lilelile, hata unene wa kidole halikukosa."

Tutilia akaketi palepale topeni. Ndipo akasema, bila kumtazama mtu, "Nilimwona. Asubuhi ya ukungu. Alikuwa analivuta kwa maksai. Nilimuuliza akaniambia alikuwa kwenye mfereji, na ni uongo pekee aliowahi kuniambia. Miaka yote hii nimekaa na mwizi wa mpaka nikampikia."

"Mama," akasema Lartidia.

Lakini Varenus hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameokota kigae kutoka kwenye mkaa wa juu, akakitemea mate na kukisugua pajani. Akaokota kingine. Akaviunganisha. Jogoo mwekundu, hana mkia.

"Hiki kikombe cha baba," akasema.

"Kile kile?" akauliza Tutilia.

"Kile kile. Tulikitafuta nyumba nzima. Alituambia paka amekiangusha kisimani. Mama akamwambia, Fuscus, sisi hatuna paka." Alianza kucheka, na kicheko kikamharibikia njiani. "Alikuwa anafundisha maksai mpya mwaka ule. Mwenye pembe moja, mwehu kabisa, alikuwa akiburuta plau popote. Na tangu wakati huo baba hakulima tena karibu na jiwe hili. Aliacha nyasi, upana wa kulala ng'ombe. Tulimwambia, baba, unapoteza shamba bure. Anatuambia nyasi nazo zina haki ya kuishi."

Wote walikuwa wamefika palepale alipofika yeye.

Plau ya Fuscus ndiyo iliyoling'oa jiwe. Laana ilikuwa yake, yeye na maksai wake. Alipoona alichofanya hakukimbilia kwa mkewe wala kwa kuhani, alikimbilia ng'ambo ya mpaka, kwa mtu mmoja ambaye mdomo wake haukupinda. Na huyo alichukua maksai wake, akalivuta jiwe mpaka shimoni mwake, wakachoma sadaka upya, wakalikalisha kama lilivyokaa siku ya kwanza. Fuscus akaweka chini yake kitu alichokipenda kuliko vyote. Kisha kila mtu akaenda nyumbani kwake na uongo wake, mmoja na paka, mwingine na mfereji.

"Na lile shada lake," akasema Lartidia. "Mzee Fuscus alikuwa analeta shada kubwa kama gurudumu kila sikukuu. Baba alikuwa anamwambia, unamnyonga mungu."

Tutilia akacheka. Alicheka topeni palepale, mikono juu ya kichwa, kama alivyocheka siku ya sokoni, mpaka Numisius akauliza kama kuna mtu wa kumwinua, maana yeye kwa shingo hii hawezi.

Varenus ndiye aliyemwinua. Aliushika mkono wake, na hakuuachia hata aliposimama.

"Mama Tutilia, nitasema mbele ya majirani, kama nilivyoahidi."

"Utasema nini? Kwamba baba yako aling'oa jiwe la mpaka?"

Kijana akatahayari. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Sema jiwe limepatikana mstarini," akasema Tutilia. "Ndiyo kweli. Hata Lartidius angelisema hilo bila kutazama kisigino." Kisha akamgeukia mpima. "Nawe bwana?"

"Mimi hupima mistari," akasema Numisius. "Vikombe si kazi yangu. Ile divai imebaki?"

Jiwe lilirudishwa kabla ya sikukuu. Lilisimikwa mara ya tatu, kwa mkaa mpya, na vigae vya jogoo vikarudishwa mahali pake chini. Majirani walikuja wote, hata wale waliokuwa wamekwisha kuandaa sababu za kutokuja. Varenus alisema maneno yake, mafupi, na uso wake ulikuwa mwekundu kuliko jogoo. Alileta shada. Lilikuwa kubwa kama gurudumu. Baridi ilikuwa bado kali asubuhi ile, na Tutilia aliposhika mtungi wa asali vidole vilimkaza kidogo, akavitia kwapani kwanza, kisha akamimina. Macho alikuwa ameyafumbua.

Watu walipoanza kuimba vibaya, alitoka akaenda kusimama kando ya kaburi. Lartidia alimfuata, akamkuta anatikisa kichwa.

"Unamwambia nini baba?"

"Namgombeza. Angeniambia tu. Ningekaa kimya kuliko hilo jiwe."

"Labda aliapa kwa mzee Fuscus."

"Labda." Akauondoa ukoka mmoja juu ya kaburi. "Au labda aliona akiniambia, haitakuwa siri ya jirani tena. Itakuwa yetu."

Hilo Tutilia hakulimaliza siku ile, na nijuavyo hakulimaliza mpaka leo, ingawa siku hizi analala vizuri na kila mwaka analitazama jiwe mpaka mwisho wa nyimbo. Nami nimelibeba mpaka hapa nikashindwa, kwa hiyo nakuachia wewe. Mtu asiyejua kusema uongo akisema mmoja tu maishani mwake, ili jirani yake alale, na mkewe ndiye akose usingizi: alikuwa amepinda siku ile, au amenyooka?